Kilichomo Ndani ya Filta

Watu wa barabara hii huhesabu zama kwa mabasi: mwaka wa basi lile la bluu, mwaka ule lilipoanguka darajani. Mimi nazihesabu kwa uchafu. Nimeshika pampu na nozeli hapa Kabuku tangu nikiwa kijana wa karakana ya mkonge mpaka sasa nina wajukuu, na kila zama iliyopita imeniachia alama yake kwenye filta: kutu, singa, maji, utelezi mweusi, ganda la kahawia lisilotoka hata kwa kukwangua. Vijana wanaposimama bandani kwangu na kuuliza, "Shikamoo mzee, dawa gani nzuri ya kusafishia mfumo wa dizeli?" naitikia marahaba kisha nawauliza gari linatoka wapi, hunywa mafuta wapi, na lina umri gani. Wanadhani nawazungusha. Dawa iliyoliponya gari la baba inaweza kuliua la mtoto, na sababu yake inaanzia mbali, kwenye mkonge.

Ukiitazama Kabuku kutoka dirishani mwa basi ni kituo tu baada ya Mkata, kabla hujafika kwenye machungwa ya Michungwani na njia panda ya Segera. Lakini nchi hii ya Wazigua iliingia kwenye mambo ya mitambo mapema. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62, nayo ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka huohuo, kwao Ujerumani, Rudolf Diesel alipewa hataza ya injini yake. Ni sadfa tu, najua, ila mambo hayo mawili ndiyo yaliyonilisha maisha yangu yote, kwa hiyo niachieni niifurahie. Injini yenyewe ilikuja kufanya kazi sawasawa mwaka 1897, na kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 moja iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Miaka 47 baadaye Waingereza wakashusha matrekta Kongwa, wachome mafuta ya kuagiza ili walime karanga. Mradi ukafa mwaka 1951. Sijui kama kuna aliyewakumbusha habari za Paris.

Jani la mkonge ni maji na nyama karibu lote. Katika kilo mia za majani hutoka kilo nne hivi za singa, na zilizobaki hutiririka mferejini na kunuka. Kwa hiyo mashine ya kukamulia, ile tuliyoizoea kwa jina la korona, inataka nguvu nyingi kwa mavuno madogo, nayo inataka majani mabichi, hayasubiri. Mashamba ya Tanga yalianza na injini za mvuke zilizomeza misitu kwa kuni. Kampuni ya Bosch ilipoanza kutengeneza pampu za dizeli kwa wingi mwaka 1927, dizeli ikawa mashine ya kuaminika mahali palipo mbali na fundi, ikapenya mashambani na kwenye malori. Kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilitoa tani 230,000 na ushee za mkonge. Kila tani ilipitia kwenye mashine iliyohitaji mtu wa kuiangalia usiku na mchana.

Baba yangu alitoka Njombe akiwa manamba, kwa SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba iliyoanza mwaka 1944 kukusanya vibarua kutoka mikoa ya mbali. Mkataba ulipokwisha hakurudi, maana alishamwoa mama, Mzigua wa hapahapa. Yeye alikata majani. Mimi nilipelekwa karakana kwa kuwa nilikuwa na vidole vyembamba. Kigezo kilikuwa hicho, wala si shule. Fundi mkuu alikuwa Kalasinga mzee aliyetokea Tanga mjini, mtu wa maneno machache, na kazi aliyonipa kwanza ilikuwa kuangalia mapipa.

Nataka nikae kidogo kwenye mapipa, kwa sababu mengi yanayouzwa leo kwenye chupa yalikuwa yakifanywa pale bila chupa. Dizeli ilikuja kwa pipa la lita 200. Pipa likisimama wima uwanjani, mvua hutuama juu ya kifuniko. Mchana chuma kikipata moto hewa ya ndani hutanuka na kutoka, usiku kikipoa hunyonya, na kile kinachonyonywa ni maji ya mvua yaliyotuama pale juu. Pipa halivuji hata tone na bado linajaa maji. Kwa hiyo tuliyalaza mapipa kivulini juu ya magogo, vifuniko vikiwa kulia na kushoto, visikae juu wala chini, ili mafuta yaviloweshe kwa ndani na raba zisikauke. Siku moja kabla ya kuchota tulilisimamisha pipa taratibu na kuliacha litulie. Bomba la pampu ya mkono lilikatwa liishie vidole vinne juu ya sakafu ya pipa, na kile kilichobaki chini hakikwenda kwenye injini hata bwana shamba angepiga kelele namna gani. Tulikitumia kuoshea vyuma.

Amri nyingine ilikuwa hii: dizeli isiwekwe kwenye ndoo ya bati wala tangi lililopakwa zinki. Kalasinga hakutoa sababu. Alikipiga teke chombo na kukutazama, basi. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kuwa Ulaya, kuanzia mwaka 2008, dawa za kusafishia nozeli hupimwa kwenye injini ya Peugeot iitwayo DW10, na ili nozeli izibe haraka wapimaji huitilia dizeli zinki, sehemu moja tu katika milioni. Madini hayo huyeyuka kwenye dizeli na kuyasaidia masizi kuganda kwenye matundu. Mzee yule hakuwa na maabara. Alikuwa ameona nozeli zilizokula kwenye ndoo na nozeli zisizokula.

Uchafu wa zama zile ulionekana kwa macho. Kutu ilitoka kwenye mapipa. Maji ulikuwa unayaona yakizunguka kwenye kikombe cha kioo chini ya filta. Halafu zilikuwapo singa. Chumba cha brashi kilirusha vumbi la nyuzi mchana kutwa, likatua kwenye kila kitu chenye mafuta. Nimetoa kwenye filta manyoya meupe ya mkonge yaliyosukwa kama kitambaa. Dawa yake ilikuwa kufungua, kuosha, kufunga, kutoa upepo, kuwasha. Kila baada ya muda nozeli zilitolewa zote. Masizi ya nje yalisuguliwa kwa brashi ya waya wa shaba, kamwe si ya chuma. Sindano ya ndani ilioshwa kwa dizeli safi na vidole vitupu, hakuna tambara, kwa sababu uzi mmoja wa tambara ni mnene kuliko nafasi iliyopo kati ya sindano na mwili wa nozeli, nafasi ya sehemu mbili au tatu za elfu moja ya milimita. Kisha ukalowesha sindano, ukaivuta theluthi moja nje, ukaiachia. Ikishuka yenyewe, polepole, kwa uzito wake, nozeli nzima. Ikidumbukia, imelika. Ikikwama, rudia.

Mwisho ilipandishwa kwenye mashine ya kupimia, ile yenye mkono wa kupampu na saa ya presha. Za Land Rover zilifunguka kwenye baa mia moja thelathini na kitu, za lori mia mbili na zaidi. Nozeli nzuri hulia, hutoa mlio mkavu wa kukatika-katika na ukungu usio na matone. Na hapo Kalasinga alikuwa akitupiga vibao vya mikono, kwa haki kabisa: ukungu ule hutoboa ngozi. Mtu haoni jeraha, anaona nukta, na kesho mkono umevimba mpaka begani. Hadi leo nikisikia kijana anapima nozeli kwa kushika kiganja mbele yake, natoka nje ya banda.

Azimio la Arusha lilipopita, mwaka 1967, sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge ikawa mali ya Serikali. Mwaka mmoja kabla, kiwanda cha kusafishia mafuta cha TIPER kilikuwa kimefunguliwa Kigamboni, ushirika wetu na Waitaliano, na dizeli ya kwetu ikawa inapikwa nyumbani. Kwa mafuta yenyewe zama ile sikuilalamikia. Kilichokosekana ni spea. Bei ya mafuta ya dunia ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Katikati ikaingia vita ya Kagera na malori ya raia yakaenda mstari wa mbele. Fedha za kigeni zikaisha, na mkonge wenyewe, uliokuwa ukizileta, ulikuwa unazama kwa sababu ya kamba za plastiki. Magari binafsi yakazuiwa kutembea Jumapili mchana. Nozeli mpya ilikuwa jambo la kuandikiwa barua.

Basi tukaanza kufufua maiti. Sindano iliyokwama tuliisaga kwa dawa ya kung'arishia shaba, tone moja, ukiizungusha kwa vidole mpaka vinakufa ganzi. Filta za karatasi, ambazo zimetengenezwa zitupwe, tuliziosha kwa petroli na kuzipuliza kwa upepo wa kompresa. Ilikuwa lazima, lakini tusijisifu: karatasi iliyopulizwa hupasuka mahali usipopaona, na filta iliyopasuka ni mbaya kuliko kutokuwa na filta, maana inakudanganya. Ninachokipenda katika zama ile ni kingine. Tulilazimika kujua. Hakuna aliyebadilisha kifaa kwa kubahatisha, kwa sababu hakikuwapo cha kubadilishia. Malori ya Scania yaliyounganishwa Kibaha, pale TAMCO, yalipopita hapa yakifuka moshi mweusi, tulitafuta kwanza kama ni hewa, ni valvu, ni muda wa pampu, au kweli ni nozeli. Mara nyingi haikuwa nozeli. Nalisema hili kwa sababu chupa nyingi zinazouzwa leo zinatibu nozeli isiyoumwa.

Mkonge ulipokauka kabisa nilitoka karakana na kufungua banda barabarani. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, mabasi na malori ya watu binafsi yakajaa, vituo vya mafuta vikaota kama uyoga, na mafuta yakaanza kuja yameshasafishwa nje. TIPER ikaacha kusafisha mafuta karne ikielekea ukingoni. Hapo ndipo uchafu ulipobadilika tabia. Ule wa zamani ulikuja wenyewe, kwa mvua na kutu. Huu mpya uliletwa na mtu, kwa hesabu.

Mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo ili mwananchi asiyekuwa na umeme apate kuwasha kibatari. Dizeli ilitozwa kubwa. Tofauti hiyo ilitosha kumshawishi mwenye kituo, au mwenye lori la kubebea, kuchanganya. Dizeli iliyochakachuliwa haionekani kwenye kikombe cha kioo. Ni angavu, hata inapendeza. Na kwa muda mfupi injini huipenda: inawaka laini, moshi unapungua, masizi kidogo yanalainika. Kutokana na hilo ikazaliwa imani ambayo mpaka leo haijafa, kwamba lita moja au mbili za mafuta ya taa tangini "zinasafisha nozeli".

Kinachosahaulika ni pampu. Pampu ndefu ya malori ya zamani, yenye mstari wa vipistoni, ina oili yake chini, kwa hiyo ilivumilia. Lakini pampu ya kuzunguka, ile ya CAV kwenye Land Rover, na zile za Hiace na Land Cruiser za Kijapani, haina oili yoyote. Kinachoilainisha ni dizeli inayopita ndani yake. Ukiipa mafuta ya taa umeinyima oili. Inalika kimya. Wagonjwa wa namna hii niliwapokea wengi mno miaka ile, na dalili ilikuwa moja: asubuhi gari linawaka vizuri, likipata moto ukilizima haliwaki tena. Nafasi imekuwa kubwa, mafuta yakipata joto yanakuwa mepesi, yanavuja ndani ya pampu badala ya kwenda kwenye nozeli. Madereva waligundua dawa yao. Wanamwagia pampu maji ya baridi, gari linawaka, wanaondoka. Ukipita Michungwani enzi hizo ungeona basi limesimama, abiria wananunua machungwa, na utingo na ndoo yake anaogesha pampu.

Mwaka 2010 EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, ikaanza kutia vinasaba kwenye mafuta yanayouzwa nchini, ili mafuta yaliyochanganywa yajulikane kwa kipimo. Mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa sana, ikaikaribia na kuipita ya dizeli, na faida ya kuchakachua ikafa. Walioumia ni wenye vibatari, hilo halikuandikwa sana. Mimi kwenye meza yangu niliona pampu za kulika zikipungua mpaka nikaanza kukosa kazi. Serikali ilikuwa imesafisha nozeli nyingi kuliko chupa zote nilizowahi kuuza.

Lakini dumu likabaki. Kando ya barabara kuu yoyote yapo mafuta ya dumu: dereva amechota kidogo tangini, ameuza kwa bei ya kutupa, na mwenye mashine ya kusaga au Fuso anayanunua bila kuuliza. Dumu lenyewe lilikuwa la mafuta ya kupikia, na ndani yake umebaki utando wake. Mafuta ya kula yakipikwa kwenye nozeli moto hugeuka gundi. Ndilo ganda la kahawia nililolitaja. (Ndiyo sababu pia sikushangilia sana ilipovuma habari ya mbono kaburi, kwamba tuupande kila mahali tupate dizeli ya shambani. Mafuta ya mbegu yasiyopikwa kitaalamu huigandisha injini ya kisasa vilevile. Jirani zetu wa Hale walifanya la akili zaidi: taka za mkonge wakazigeuza gesi ya kuendeshea jenereta, na taka ndizo zilizokuwa nyingi.) Na kuhusu mafuta ya kuchota nasema moja tu, bila kulirembesha: Agosti 2019 lori la mafuta lilianguka Msamvu, Morogoro, watu wakaenda na madumu, likalipuka, na waliokufa walizidi mia.

Kuna uchafu mwingine ambao ni hai. Jenereta ya shule moja huku kwetu ililetewa dizeli, ikakaa karibu mwaka mzima bila kuwashwa kwa kuwa umeme ulikuwa umetulia. Siku ya kuhitajika ikawaka dakika chache, ikazima. Nilipofungua filta nilikuta utelezi mweusi unaonuka kama kitu kilichooza, na kweli kilikuwa kimeoza. Ni kuvu. Hukaa mahali maji yanapokutana na dizeli, hunywa maji na kula mafuta. Watu wa ndege waliifahamu kwenye matangi yao miaka ya 1950 na 1960. Dawa ya nozeli haiifanyi kitu. Inatakiwa dawa ya kuua vijidudu vya mafuta, na hata hiyo ikishawaua mizoga yao inabaki tangini kuziba filta. Tangi lifunguliwe, lioshwe, likaushwe. Maji yasipokuwapo, kuvu haishi.

Sasa nifike kwenye magari ya vijana wanaoniuliza. Kuanzia mwaka 1997 Ulaya walianza kuuza magari madogo yenye mfumo wa reli moja, ambapo pampu hujaza bomba nene mafuta yenye presha kali na kompyuta hufungua nozeli kwa umeme. Huku yamefika kwa wingi kwa Land Cruiser mpya, mabasi ya Kichina na malori ya Howo. Presha iliyokuwa baa mia mbili sasa ni 1,600, 2,000 na kuendelea. Kwa presha hiyo, uchafu ambao nozeli ya Land Rover ingeutema unakuwa msasa. Filta ya zamani ilizuia chembe za mikroni kumi hivi. Ya sasa hushika za mikroni nne, na bado haitoshi ukiwa na maji. Mwaka 2015 tena nchi zetu za Afrika Mashariki zikashusha kiwango cha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Kwa mapafu yetu na kwa oili ya injini ni neema. Ila namna ya kuiondoa salfa kiwandani huondoa pamoja nayo ule utelezi wa asili wa dizeli, ikabidi watengenezaji waurudishe kwa dawa. Kwa maneno mengine, mafuta ya siku hizi yamekuja na dawa yake ndani. Yule anayemimina mafuta ya taa juu yake anaivunja nguvu dawa aliyokwisha kuilipia.

Chupa basi. Zipo za aina nyingi na karatasi zao husema zinafanya kila kitu. Mimi huzigawa kwa kazi. Ya kusafisha ina sabuni ya mafuta, yaani kemikali inayoshika masizi na ganda na kuyabeba yakaungue. Hiyo hufaa kwa gari linalotetemeka likiwa limesimama, linalofuka kidogo, lililopungua nguvu taratibu kwa miezi. Haifai kwa gari lililopoteza nguvu jana. Hilo lina filta iliyoziba, hewa inayoingia, au kifaa kilichovunjika. Ya kuongeza mwako huifanya dizeli iwake upesi na kupunguza kugonga kwa injini asubuhi, lakini haisafishi kitu. Ya maji ndiyo inayohitaji macho. Zingine huyatenga maji yashuke chini, uyatoe kwa koki. Zingine, zile za spiriti, huyachanganya na mafuta ili yapite kwenye injini na kuisha. Kwa Lister ya kusagia mahindi hiyo ya pili si neno. Kwa mfumo wa reli moja ni sumu, maana maji yanafikishwa penye presha ya baa elfu mbili, penye vyuma vilivyokaribiana kuliko unene wa unywele. Na oili ya gia boksi otomatiki, ambayo mafundi wa rika langu tuliijazia kwenye filta usiku ikae na kulainisha, tuiache kwenye magari ya rika letu. Ina madini ndani, na madini tumeshayaona yanavyofanya.

Kipimo ni cha kwenye chupa, hakuna sababu ya kuzidisha. Sabuni nyingi ikikutana na uchafu usiofaa hutengeneza ganda lake yenyewe ndani ya nozeli, jambo lililowasumbua hata Ulaya na Marekani kwenye hizi injini mpya. Mimina dawa kwanza, kisha jaza mafuta juu yake yaichanganye. Chagua siku ya safari ndefu, Dar au Arusha, injini ipate moto sawasawa; chupa iliyotiwa kwenye gari la kwenda sokoni na kurudi ni hasara. Na kama tangi lina miaka kumi halijafunguliwa, ujue dawa itaamsha yote yaliyolala chini. Gari litazima porini baada ya Mbwewe, na dereva atasema dawa ilikuwa mbovu, kumbe imefanya kazi kupita alivyotaka.

Ndiyo maana simuuzii mtu chupa bila filta. Wanasema mzee anajua biashara. Najua, lakini faida ya filta ni ndogo kuliko ya chupa, wanaweza kwenda kuuliza dukani.

Nozeli zenyewe za magari haya sizifungui tena. Kila moja imepigwa namba, na ukiibadilisha lazima namba hiyo iingizwe kwenye kompyuta ya gari, la sivyo injini hutetemeka kana kwamba hukufanya kitu. Mjukuu wangu aliyesoma ufundi VETA huja na kishikwambi chake, husoma hitilafu, na nozeli zikihitaji kupimwa huzituma Dar kwenye basi la asubuhi. Mimi nimebakiwa na tangi. La Scania, la Fuso, la Howo, yote yana kizibo chini, na hakuna kompyuta inayokifungua. Mjukuu huniletea kazi hizo alfajiri, kabla gari halijawashwa wala kusukwasukwa, kwa sababu saa hiyo maji yote yameshatulia chini na hutoka ya kwanza. Naweka chupa ya kioo chini ya kizibo na kumwita dereva aje atazame mwenyewe.